Kufunga Njia ya Mkato

Jumamosi ya pili ya kila mwezi
tunakutana nyuma ya mizani ya zamani ya pamba, Nansio.
Tumejiandikisha kumi na mmoja, tunafika sita.
Tungaraza anagawa zana kama mpishi wa shughuli agawavyo nyama:
fyekeo kwa mwenye mgongo, reki kwa mwenye simu mkononi,
mimi jembe, kwa kuwa nimechelewa.
Halipwi mtu. Kuna michembe na karanga,
na chai ya Bi Nyanjura iliyotiwa tangawizi hadi inakemea.

Nilidhani kazi ya msituni ni kukata.
Mwezi wa kwanza nilifyeka kama ninayedaiwa,
Tungaraza akanishika kiwiko:
"Mama Bituro, taratibu. Hii njia, si uwanja wa mpira.
Ziachie kingo nywele zake."

Kazi ni maji.
Mvua ya ziwa haina adabu. Inakuja usiku,
inashuka kilima ikinusa nyayo,
na popote alipokanyaga mtu ndipo inapochimba.
Basi tunaitegea: jiwe la mshazari, hatua ishirini, jiwe la mshazari,
mtaro wa kina cha kiganja, mdomo wake ukitazama bonde,
ili maji yafike, yageuke, yatoke
kama mgeni aliyeonyeshwa mlango kwa heshima.

Leo tumepanda hadi kwenye mvule uliopigwa radi.
Hapo njia inagawanyika.
Ya kulia ni yetu. Inazunguka, inapumzika, inazunguka tena.
Ya kushoto inashuka wima hadi ufukweni,
nyekundu, imeliwa hadi kwenye mizizi,
ukisimama ndani inakufika magotini.
"Hii ya mkato," amesema Tungaraza, "leo tunaifunga.
Sijui nani aliianzisha."

Mimi namjua.

Magesa, kaka yangu, na baiskeli yake ya Finiksi,
magunia matatu ya mkaa, breki za kandambili,
usiku wa manane, taa imezimwa.
Magunia yalivuka kwenda Mwanza kwa mtumbwi
yakarudi yakiwa sare, madaftari, ada ya kidato cha pili,
kiatu cha kulia na, wiki tatu baadaye, cha kushoto.
Nilisomeshwa na mvule.
Katika mtihani wa jiografia
swali la mmomonyoko wa udongo nilipata alama zote.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Magesa hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka,
na aliyekuwa akimharakisha ni mimi.

Tumeburuta matawi makavu, tumeyalaza kichwa chini
yazibe hadi usawa wa kifua.
Nimetifua udongo uliogandamizwa, mgumu kama kisigino,
ili mbegu zipate pa kushika.
Jembe likagonga kitu laini:
kipande cha kandambili ya bluu, kimechakaa upande mmoja.
Kinaweza kuwa cha mtu yeyote.
Kandambili za bluu zimejaa kisiwa kizima.
"Takataka zote kwenye gunia hili," amesema Tungaraza,
nami nikaitika, "Sawa,"
nikakitia mfukoni.

Mvua ikija usiku huu
itafika kwenye mvule, itasita
kama mtu aliyezoea nyumba fulani
akakuta mlango umehamishwa.
Huenda ikakasirika ikayasomba matawi yetu yote.
Tutarudi mwezi ujao tukaone.

Tumeteremka kwa njia ndefu. Tumbili wametuangalia tukipita
bila kutushukuru wala kutulaumu.
Chini, Bi Nyanjura amenimiminia kikombe cha pili,
akauliza mbona macho mekundu namna ile.
Nimemjibu: jua.

Tangu asubuhi kulikuwa na wingu.